Hii Imetoka Wapi? Vidokezo kwa Mnunuzi wa Chakula cha Hapa Nyumbani

Ingia duka kubwa lolote la Dar es Salaam mwezi wa kwanza. Rafu ya matunda imejaa maepo ya Afrika Kusini, yamepangwa safu kwa safu, kila moja na kibandiko chake, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, mkokoteni wa maembe dodo umefurika hadi muuzaji anashusha bei mwenyewe bila kuombwa, maana yakilala ni hasara. Na foleni iko ndani.

Sikuletei hotuba ya uzalendo. Mkulima hahitaji huruma yako, na wewe hela yako ina kazi zake. Ninachosema ni kwamba chakula kinacholimwa nchini kina faida tumboni na mfukoni, ila faida hiyo humwendea anayejua kununua. Asiyejua atanunua nyanya ya Iringa kwa bei ya nyama, na atabeba mchele wa "Kyela" ambao Kyela yenyewe haijawahi kuuona. Haya, twende sokoni.

1. Jua mwezi huu ni wa nini

Ukisikia "chakula cha karibu" unaanza kuhesabu kilomita. Mkazi wa Dar es Salaam akizihesabu kwa ukali atalala njaa: nyanya nyingi hushuka kutoka Ilula, mkoani Iringa, na viazi mviringo hutoka Njombe, karibu kilomita 700. Kwangu mimi msimu una uzito kuliko umbali. Maembe ya Pwani hujaa kati ya Novemba na Februari. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, nayo huwa mengi mwishoni mwa mwaka. Machungwa ya Muheza humiminika katikati ya mwaka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili, miezi ya mwanzo wa mwaka kisha tena mwezi wa nane na wa tisa. Mchele mpya huanza kuingia masika yakiisha, na mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa kuanzia Juni.

Tunda la msimu huachwa likomae mtini kwa sababu hakuna anayeligombania. La nje ya msimu ni adimu. Mchuuzi analiwahi shambani likiwa bichi, kisha linafukiwa au linawekewa dawa ya kuivishia. Ndiyo maana embe la mwezi wa tisa huweza kuwa la njano kwa nje na chachu kwa ndani.

Nyanya zina darasa lake. Masika yakikolea, ukungu hushambulia mashamba, barabara za vijijini zinakatika, na fungu linabaki na nyanya tatu zenye huzuni. Zikiiva zote kwa pamoja wakati wa kiangazi, tenga huuzwa kwa bei ya kutupa. Huo ndio wakati wa kununua nyingi. Zichemshe, zisage, zipike hadi maji yakauke, gawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, gandisha. Mwezi wa nne ukifika utacheka peke yako. Na kama unapika rojo leo leo, ulizia masalo, zile zilizoiva kupita kiasi. Bei yake ni ndogo na kwenye sufuria ndizo tamu, mradi hazijaoza wala kuota ukungu.

2. Chungwa la kijani limeiva

Tumelidharau chungwa la Muheza kwa sababu ya ganda. Ganda la chungwa hugeuka rangi pale usiku unapokuwa wa baridi. Baridi ndiyo inayoivunja ile rangi ya kijani. Tanga haina baridi hiyo, kwa hiyo chungwa linaiva, linajaa sukari na maji, na ganda linabaki kijani. Yale ya rangi kali kutoka nje yametoka nchi zenye kipupwe cha kweli, na mengine hupulizwa gesi ya ethilini baada ya kuvunwa ili yapendeze rafuni. Gesi hiyo inabadilisha ganda tu, haiongezi utamu.

Pima chungwa kwa mkono. Zito kuliko ulivyotarajia, ganda laini na jembamba: chukua. Jepesi lenye ganda nene la mabonde: liache.

Tukiwa bado kwenye matunda: anayenunua epo kwa ajili ya vitamini C apite kwenye genge la mapera. Kwa uzito uleule, pera lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na chungwa lenyewe linaliacha epo mbali sana.

3. Uliza imetoka wapi, kisha nyamaza usikilize

Muuzaji anayeijua bidhaa yake hujibu bila kusita: vitunguu hivi vya Mang'ola, vya Singida bado, viazi vya Njombe vimeingia alfajiri. Anayesema "vya hapa hapa tu" hajui, au anajua na hataki useme bei yake. Swali lenyewe linakupandisha hadhi. Mtu akishajua unaelewa tofauti, hakuchotei ya chini ya gunia.

Kwenye mchele ndipo swali linapolipa zaidi. Mchele wa Kyela una harufu yake, na sifa hiyo imeuponza. Kyela ni wilaya moja kando ya Ziwa Nyasa. Haiwezi kujaza magunia yote yanayoandikwa jina lake nchi nzima. Mchele wa Mbarali ni mzuri, wa Kamsamba ni mzuri, wa Ifakara na Shinyanga vilevile, na ukiununua kwa jina lake halisi hulipii jina la jirani. Kabla ya kubeba kilo 25, nunua nusu kilo, pika kwa maji na chumvi tu. Kyela ya kweli inawaita watu jikoni kabla maji hayajakauka. Ikikaa kimya, basi jina lilikuwa la gunia.

Uliza pia kama ni mpya au wa zamani. Mpya haunywi maji mengi. Ukiupimia kama wa zamani utakula bokoboko na kumlaumu mkulima bure.

4. Kwa mboga za majani, hesabu saa

Hapa ukaribu una maana yake kamili. Jani likishakatwa linaendelea kupumua na kujila lenyewe. Vitamini C ndiyo inayokimbia mapema, na jua linaiharakisha. Mchicha uliokatwa alfajiri, ukalazwa juu ya meza ya bati hadi saa tisa alasiri huku ukinyunyiziwa maji, machoni bado mbichi, kwenye sahani umebaki rangi.

Kwa hiyo mjue mwenye bustani kuliko kulijua soko. Dar es Salaam ina matuta ya mboga mabondeni na kwenye viwanja visivyojengwa, na wenyewe huvuna asubuhi na jioni. Ukipita wakati wa kuvuna unapata tembele lenye umande, majani ya maboga ambayo bado hayajanywea, na kwa kawaida nyongeza juu. Pika siku hiyohiyo.

Na upike kama bibi zetu. Mboga za kijani zina vitamini A ya mimea, na mwili huipokea vizuri ikiwa na mafuta. Karanga za kusaga na tui la nazi zina kazi zaidi ya utamu. Limau la kukamulia mwishoni linasaidia madini ya chuma yafyonzwe. Kisamvu kina sharti lake: lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu ya asili. Mwenye haraka apike mchicha.

5. Cha jirani si lazima kiwe safi

Wanaosifia chakula cha nyumbani mara nyingi huliruka hili. Mto Msimbazi unapita kwenye viwanda, gereji na makazi kabla ya kufika kwenye matuta ya mboga, na maji yake ni machafu. Kuosha mboga kwa maji mengi kunaondoa udongo na kupunguza vijidudu. Kupika kunaua vilivyobaki. Lakini madini mazito yaliyoingia ndani ya jani kupitia mizizi hayatoki kwa chumvi wala siki. Swali la pili kwa mwenye bustani ni "unamwagilia maji gani?" Kisima, bomba, au mtaro? Jibu lisiporidhisha, ondoka kwa adabu, hata kama ni jirani na mna salamu za kila siku.

Hatari ya pili ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyolimwa hukohuko. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na wafanyabiashara wa mpakani wakakaa na malori yao. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Chagua punje moja moja: iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, toa. Karanga yenye uchungu, tema. Na usiwape kuku hayo uliyoyatoa, itarudi kwako kupitia nyama na mayai.

6. Mafuta: hapa ndipo hela yetu inapovukia bahari

Nyumba nyingi zinakaangia mafuta ya mawese yanayotoka Asia, hata zile zinazoapa kwamba hazili cha nje. Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese duniani, ilizuia kuyauza nje kwa karibu mwezi mzima ili kutuliza bei kwake. Bei ilikuwa juu tayari. Mama wa maandazi Temeke aliisikia kwenye karai lake. Uamuzi wa Jakarta, andazi linapungua ukubwa Temeke.

Singida na Dodoma wanalima alizeti, na mashine za kukamua ziko hadi miji midogo. Mafuta yanayokamuliwa huko bila kusafishwa sana yana rangi nzito, harufu ya mbegu na mashapo kidogo chini ya dumu. Hayo siyo kasoro. Yaache yatulie, mimina ya juu, weka mbali na jua na jiko. Mapishi ya moto mkali sana yanayataka yaliyosafishwa. Kwa mboga na maharage haya ya kawaida yanatosha. Mashudu yanayobaki huwa chakula cha kuku na ng'ombe, kwa hiyo shilingi yako inazunguka mara mbili Singida kabla haijaondoka. Ogopa dumu la alizeti lenye bei sawa na mawese, huenda limechanganywa.

7. Kula wanachouza nje

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mbaazi zetu zilikwenda India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwake, na bei ikaporomoka; wakulima wa Babati hadi Lindi wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Zao likiwa na mlaji mmoja tu, mlaji huyo akigeuka mkulima hana pa kwenda.

Hapa kula ni kazi nyepesi. Mbaazi za nazi na maandazi ya moto asubuhi, nani anahitaji kushawishiwa? Protini yake ni nyingi, bei yake iko chini sana ya nyama, na zikilowekwa usiku haziumalizi mkaa.

Korosho ni kisa kinachofanana, na kinaniudhi zaidi. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na ajira ya kubangua inakwenda nayo. Ukinunua, nunua zilizobanguliwa hapa, iwe kiwandani au kwa akina mama wa vikundi. Kahawa pia: kiwanda cha Tanica hutengeneza kahawa ya papo hapo pale Bukoba tangu zamani, wakati wengine tunawakaribisha wageni kwa kopo lililotoka Ulaya.

8. Mizani, fungu na lumbesa

Mkulima wa viazi huuza kwa gunia, na gunia hilo hushonewa kofia juu hadi linakuwa gunia na nusu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwakamata watu, ila bado malori yanashuka na vilemba. Mnunuzi wa mjini hawezi kuimaliza peke yake, lakini ukinunua kwa gunia dai mizani na ulipe kwa kilo.

Kwa mafungu, nyanyua la chini uone. Sado, lile kopo la kupimia, nayo ina ujanja wake: nyingine zimebonyezwa kitako.

Kuhusu kupatana bei: patana, soko bila kupatana limepooza. Ila ukimkaba mwenye genge shilingi mia kwenye fungu la bamia, halafu ukaingia dukani na kulipa maziwa ya unga bila hata kusoma bei, tujue unaonea nani.

9. Nunueni pamoja

Wiki za mavuno, watu watano wa mtaa mmoja, au kikundi chenu cha vikoba, mnaweza kuagiza mchele au maharage moja kwa moja kutoka kwa mtu aliyeko Mbarali au Mbozi. Mnampunguza dalali mmoja au wawili. Sio kwamba dalali ni mwizi. Anakusanya, anapakia, anabeba hatari ya mzigo kuharibika, na lazima ale. Mkimwondoa, kazi hizo zinakuwa zenu, kwa hiyo mteue mmoja mwenye subira ya kupokea mzigo stendi saa kumi usiku.

Nafaka ya muda mrefu iwekeni kwenye ile mifuko ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani. Hewa ikikatwa, wadudu hufa bila dawa. Sharti nafaka iwe imekauka. Ukifunga yenye unyevu umefuga ule ukungu wa kidokezo cha tano.

10. Kisitupwe

Nyanya hazipendi friji, ladha inakufa. Viazi mviringo viwekwe gizani, mbali na vitunguu. Vikigeuka kijani vimetengeneza sumu, vitupe. Ndizi mbivu zilizozidi zimenywe na zigandishwe. Wasukuma walitatua tatizo la viazi vitamu vingi zamani: huvikata na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza kisha kuvianika, vikawa matobolwa. Wagogo hukausha mlenda. Maembe yanayooza chini ya miti Pwani kila Desemba yangeweza kwenda njia hiyo.

11. Usiifanye dini

Ngano tunayokula sehemu kubwa inatoka nje, na hakuna atakayekuja kuhesabu chapati zako. Ila kumbuka bei ya unga ilivyopanda baada ya vita ya Ukraine kuanza Februari 2022. Nyumba iliyozoea mihogo ya kuchemsha, magimbi, ndizi mzuzu au uji wa ulezi angalau siku tatu za juma haikutikisika sana. Watoto wakigoma, jaribu viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Vina vitamini A kwa wingi na vina utamu wa kuwadanganya. Siku nyingine zote kula chapati yako kwa amani.

12. Otesha kitu kimoja

Kimoja tu. Chukua tembele ulilonunua jana, kata ncha za urefu wa shubiri moja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa, yenye udongo na samadi. Mwagilia kila jioni. Baada ya wiki chache unachuma, na kadiri unavyochuma ndivyo linavyotambaa. Mchicha nao kutoka mbegu hadi sufuria ni kama wiki tatu au nne. Usimwagilie maji ya vyombo yenye sabuni nyingi. Adui yako mkuu ni kuku wa jirani, kwa hiyo wavu uwekwe siku ileile ya kupanda, maana kuku hasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.